Nakuru: Ngawira Isiyotiwa Mkobani

KILA siku, tangu alfajiri hadi usiku wa manane, magari hufuatana kama siafu kati ya Nairobi na Nakuru. Ni mwendo wa kilomita 160 hivi, na Wakenya wengi wameupita mara zisizohesabika. Lakini hebu muulize abiria wa kawaida ameona nini njiani. Atakutajia mteremko wa Bonde la Ufa, wauza mahindi ya kuchoma, pundamilia wawili watatu wakila nyasi kando ya lami, kisha kelele za makanga katika kituo cha matatu cha Nakuru. Mengine yote yalipita dirishani akisinzia.

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea ufike.

Makala haya yanahusu maeneo ya kando, yaani yale ambayo safari yako haitaharibika usipoyafikia, ila ukiyafikia utarudi nyumbani na mengi ya kusimulia. Na jambo la ajabu, msomaji, ni kwamba walionifunza kuyatafuta maeneo hayo ni vijana wanaocheza mchezo wa video.

MCHEZO

Mchezo wenyewe unaitwa Helldivers 2. Ulitolewa Februari 2024 na kampuni ya Arrowhead ya nchini Uswidi, na huchezwa kwenye PlayStation 5, kompyuta na mashine nyingine za aina hiyo. Wachezaji hadi wanne huungana kupitia intaneti wakawa askari wa kikosi kimoja. Huteremshwa katika sayari ya mbali kupigana na wadudu wakubwa kama ndovu na majitu ya chuma. Wamepewa kazi ya kutimiza, na mara nyingi muda wao ni dakika 40. Muda ukiisha, chombo cha angani huja kuwachukua.

Mzazi anayesikia milio hiyo ya risasi kutoka chumba cha pili huona ni upuzi mtupu, na pengine huamuru mashine izimwe mara moja. Lakini keti kando ya kijana wako kwa nusu saa, utazame anachofanya. Utagundua kwamba sehemu kubwa ya wakati wake haitumiki katika kazi kuu. Pembeni mwa ramani hiyo kuna maeneo mengi madogo ambayo hakuna anayemlazimisha kuyafikia. Huku mwali wa taa unapanda angani kuashiria kwamba kuna kitu. Kule kuna kontena lililofungwa, ambalo hulipuliwa kwa guruneti ili lifunguke. Kwingine kuna handaki lenye milango ya chuma. Ndani yake mna silaha, medali na fedha za mchezo. Pia kuna sampuli zilizotawanyika ardhini, ambazo hutumika kuboresha zana za kikosi. Zile adimu kabisa, katika ngazi za juu za ugumu, huwa zimelala kando ya jiwe refu lenye umbo la ajabu lililosimama peke yake.

Kuna mambo matatu katika uporaji huo ambayo yalinivutia. Kwanza, handaki halifunguliwi na mtu mmoja. Lazima wawili wasimame, huyu upande huu na yule upande ule, ndipo mlango ufunguke. Pili, anachookota mmoja ni cha kikosi kizima, hakuna cha kuficha mfukoni. Tatu, sampuli si mali yako mpaka umeifikisha chomboni. Aliyeibeba akiuawa, huanguka naye, na mwenzake hulazimika kuifuata pale pale ilipoangukia.

"Mjomba," aliniambia mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, bila kuondoa macho yake kwenye skrini, "anayekimbilia kazi kuu peke yake hurudi mikono mitupu."

Maneno hayo ndiyo yaliyotupeleka Nakuru. Tulikuwa wanne kama kikosi cha mchezo: mpwa wangu, dada yake anayesoma chuo kikuu, mama yao ambaye ni dada yangu na ndiye mwenye gari, pamoja nami. Kazi kuu ilikuwa kuiona Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Mengine yote yalikuwa ya hiari. Tulikubaliana sharti moja tu: gari litaiacha barabara kuu iwapo wawili kati yetu watasema ndiyo.

MAWE

Tulishuka kwa barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu. Kabla hata hatujafika bondeni, mama mtu alisema ndiyo, na binti yake akamuunga mkono. Kando ya barabara, chini ya miti, kuna kanisa dogo la mawe ambalo maelfu ya madereva hulipita kila siku. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita wa Italia, walioletwa Kenya na Waingereza na kutumwa kujenga barabara hiyo hiyo tunayoikimbiza magari. Husemwa kwamba ni miongoni mwa makanisa madogo kabisa nchini. Waumini wachache tu wakiingia, limejaa. Tulikaa humo robo saa, kila mmoja kimya, tukiwafikiria vijana waliotekwa mbali na kwao, wakipasua mawe mchana kutwa na bado wakatafuta nguvu za kujenga mahali pa kusali.

Tulipita Naivasha, tukapita Gilgil. Mbele yetu likajitokeza Ziwa Elmenteita, na ng'ambo yake kile kilima kinachofanana na mtu aliyelala chali. Hapo mpwa wangu akaona kibao cha Kariandusi. Alisema ndiyo kwa sauti ya kuamsha wafu, nami nikaitikia.

Kariandusi ni mahali ambapo msafiri asiyeambiwa kitu angeona mashimo tu. Lakini mashimo hayo yalichimbwa kwa utaratibu na mwanaakiolojia Louis Leakey na wenzake kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920. Ndani yake, zikiwa zimelala pale pale zilipoachwa na wenyewe, mna shoka za mkono za mawe. Hazina mpini. Zimechongwa pande zote mbili hadi zikapata ncha na makali, kisha zikashikwa kiganjani kukatia nyama na kuvunjia mifupa. Umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Waliozichonga hudhaniwa kuwa ni Homo erectus, viumbe waliotangulia binadamu wa leo. Wakati huo ziwa lilienea zaidi kuliko sasa, na hapa palikuwa karibu na maji.

Ushahidi wa maji hayo uko jirani, katika machimbo yenye kuta nyeupe pe kama chokaa. Udongo huo mweupe huitwa diatomaiti. Si chokaa hata kidogo. Ni maganda ya mimea midogo sana ya majini, isiyoonekana kwa macho, iliyokufa na kuzama chini ya ziwa kwa maelfu ya miaka hadi ikawa mwamba mwepesi. Diatomaiti hutumika kuchujia vinywaji na kutengenezea rangi.

Mashoka mengine ya Kariandusi yalichongwa kwa mawe ya kawaida ya volkeno. Mengine ni ya obsidiani, kioo cheusi kinachotokea pale lava inapopoa upesi. Kipande cha obsidiani kikivunjika vizuri huwa na makali yanayoshinda wembe. Sehemu hizi za Bonde la Ufa, hasa Mlima Eburru na viunga vya Naivasha, zimejaliwa obsidiani kwa wingi.

Ni hapo ndipo tulipokutana na jaribu letu. Tulipokuwa tukipanda kijia, mpwa wangu aliona kitu kikimetameta kwenye vumbi. Akainama, akakiokota, akakigeuza juani. Kilikuwa kipande cheusi cha obsidiani, kikubwa kama sarafu ya shilingi 20. Nilimwona akiangaza macho huku na huku jinsi wachezaji wanavyofanya wanapoona sampuli, na mkono wake ukielekea mfukoni.

"Kijana wangu," mzee aliyekuwa akituongoza alisema bila ukali, "rudisha."

Mpwa wangu akakiweka chini, hatua mbili kutoka alipokitoa.

"Hapana. Si karibu na pale. Pale pale."

Alisimama akatafuta alama ya kidole chake kwenye vumbi, akakirudisha. Tukaendelea na safari yetu ya kijia, lakini nilijua kwamba swali limemkaa rohoni. Yako maelfu ya vipande vya aina ile katika bonde zima. Kimoja kikienda Nairobi, nani atapungukiwa?

Mzee akamjibu kabla hajauliza. Jiwe likiwa mahali pake ni neno katika sentensi. Liko katika tabaka fulani la udongo, juu ya jivu la mlipuko fulani wa volkeno, kando ya mfupa wa mnyama fulani. Kwa tabaka tunajua umri, na kwa jirani zake tunajua kazi yake. Likishaondoka, hugeuka kuwa jiwe zuri tu la kuwekwa juu ya kabati. Na hata hilo lililobaki nyuma limepoteza jirani wa kulieleza.

Sayansi inamuunga mkono mzee huyo. Kila chimbuko la obsidiani lina mchanganyiko wake wa madini, kama alama za vidole. Mtaalamu anaweza kupima kipande kilichookotwa mahali fulani na kutaja mlima kilikotoka. Kule Olorgesailie, kusini katika bonde hili hili, watafiti walikuta vipande vya obsidiani ambavyo havikutoka karibu. Vilibebwa kwa makumi ya kilomita, kiasi cha miaka 300,000 iliyopita. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2018. Yanatuonyesha kwamba watu wa kale walisafiri, na pengine walibadilishana vitu na majirani wa mbali. Yote hayo tumeyajua kwa sababu vipande vile vilisubiri pale vilipoachwa. Kama wasafiri wangekuwa wamevitia mikobani kimoja kimoja, hadithi hiyo isingekuwapo.

BAO

Nakuru ilitangazwa kuwa jiji Desemba 1, 2021, na majengo yanaongezeka kila uchao. Katikati ya ongezeko hilo, kilomita chache kabla ya kufika katikati ya jiji, kuna kilima cha mawe kinachoitwa Hyrax Hill. Kimepewa jina la pimbi, wanyama wadogo wanaofanana na sungura wasio na masikio marefu, ambao zamani walijaa kwenye mianya ya miamba yake. Mitaa ya makazi imekisogelea kilima hiki.

Mary Leakey, mkewe Louis, alichimba hapa mwaka 1937 na 1938. Mwaka 1943 mahali hapa pakatangazwa kuwa turathi ya taifa, na mwaka 1965 nyumba ya shamba iliyokuwa hapo ikafunguliwa kuwa makavazi. Jengo ni dogo. Ukiwa na haraka utamaliza kulizunguka kwa dakika 10. Ukiwa na subira, siku nzima haitoshi.

Makaburi ya kale yaliyopatikana hapa yana jambo la kushangaza. Wanawake walizikwa pamoja na vyombo vya mawe, ilhali wanaume hawakuwekewa vyombo hivyo. Upande mwingine wa kilima kuna mashimo mapana ya duara ambayo hujulikana kama mashimo ya Wasirikwa. Walowezi wa kizungu walidhani zilikuwa nyumba. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilijengwa zikiwa zimeungana nayo.

Lakini kilichotufurahisha kuliko vyote ni bao. Juu ya mwamba, kuna safu za vishimo vilivyochongwa na mtu ambaye jina lake hatutalijua kamwe. Waluo wanauita mchezo wa namna hiyo ajua, Wakikuyu wanauita giuthi, na watu wa Pwani wanauita bao. Binti alitoa daftari lake akavichora vishimo hivyo kimoja kimoja. Kaka yake akachutama upande wa pili wa mwamba, akapima kwa macho.

"Na huu pia hauchezwi na mtu mmoja, Mjomba," akasema.

Sikuwa na la kuongeza. Mchezo wa skrini wa mwaka 2024 na ule wa mwambani uliochezwa kabla ya umeme kujulikana vyote viwili vinadai mtu akae na mwenzake.

UKINGONI

Asubuhi ya pili tulipanda Menengai, upande wa kaskazini wa jiji. Wakazi wengi wa Nakuru huuona mlima huu kila siku kutoka madirishani mwao na bado hawajawahi kufika juu. Kilele chake kina urefu wa mita 2,278. Ukifika ukingoni ghafla ardhi inakatika, na chini yako, karibu mita 500, kuna bonde lililojaa lava nyeusi na vichaka. Lina upana wa kilomita 12 hivi kwa 8. Hili si shimo la kawaida la volkeno. Mlima wenyewe ulididimia baada ya kutapika uji wa mawe uliokuwa chini yake.

Masimulizi ya wenyeji husema kwamba katika vita vya Wamaasai vya karne ya 19, wapiganaji walioshindwa walitupwa kutoka ukingo huu, na kwamba mvuke unaoonekana ukipanda ni roho zao zikitafuta njia ya kutoka. Wahandisi nao wana maelezo yao. Tangu mwaka 2011 wamekuwa wakichimba visima humo ili kuutumia mvuke huo kuzalisha umeme. Tahadhari kwa wazazi: ukingoni hakuna mchezo. Watoto washikwe mikono.

Mchana tulielekea Njoro kuona kasri la Lord Egerton. Maurice Egerton, mwana wa ukoo wa kitajiri wa Uingereza, alianza kulijenga mwaka 1938, Vita Vikuu vya Pili vikamkatiza, akalimaliza mwaka 1954. Lina vyumba 52. Husimuliwa kwamba alilijenga kwa ajili ya mwanamke aliyemkataa, na kwamba baada ya hapo hakutaka mwanamke akanyage humo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1958, baada ya miaka minne tu ya kuishi katika kasri lililokamilika. Shule ya kilimo iliyoanzishwa mwaka 1939 kwenye ardhi aliyoitoa ndiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987. Kasri ni tupu, shule imejaa wanafunzi. Dada yangu, alipokuwa akishuka ngazi, alisema hapo pana funzo la kutosha kwa yeyote anayejenga.

Kazi kuu tuliiacha ya mwisho. Ziwa Nakuru limo katika mbuga iliyotangazwa mwaka 1968, na tangu 2011 limo katika orodha ya turathi za dunia pamoja na Bogoria na Elmenteita. Waliowahi kulitembelea zamani wanakumbuka heroe wengi kiasi kwamba ufuo ulikuwa wa waridi. Tangu takriban mwaka 2010 maji yameongezeka, yakameza misitu ya ufuoni na hata lango kuu la zamani. Maji yakipungua chumvi, chakula cha heroe hupungua, na wengi wao walihamia maziwa mengine. Tuliwaona vifaru, nyati, na korongo. Heroe walikuwa wachache, mbali, kama mstari wa chaki. Nilifurahi kwamba hatukuwa tumeweka matumaini yetu yote katika kazi kuu peke yake.

NGAWIRA

Jioni, tukisubiri nyama ichomwe, mpwa wangu alitoboa lililokuwa likimsumbua tangu Kariandusi. Kwenye mchezo, alisema, ukilipora handaki leo, kikosi kingine kitalikuta limejaa kesho. Mashine huyaumba maeneo hayo upya kila safari. Ndiyo maana hakuna anayeona aibu kukomba kila kitu.

Hapo ndipo tofauti ilipo, na ndiyo sababu ya kuyaandika haya. Ardhi ya Nakuru haina mashine ya kuijaza upya. Mwaka 1938 akina Leakey walichimba pango moja la Mto Njoro. Walikuta mabaki ya makumi ya watu waliochomwa moto miaka 3,000 hivi iliyopita, wakiwa na bakuli za mawe, mawe ya kusagia na shanga. Kwa kuwa vitu hivyo vilikuwa pamoja na wenyewe, tunajua jinsi watu hao walivyowaaga wafu wao. Kama mwizi wa shanga angefika kwanza, tungebaki na shanga nzuri na watu wasiojulikana.

Sheria nayo iko wazi. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, ni kosa kuchimba au kuhamisha vitu vya kale bila kibali. Lakini sheria haiwezi kumwekea kila kijia askari. Kinacholinda vipande vile ni mtoto anayejua kwa nini anapaswa kuvirudisha pale pale.

Basi, msomaji, likizo ijayo usimkataze mwanao mchezo wake, bali muombe akufunze kanuni zake, kisha mtoke naye. Mchague maeneo mawili tu ya kando kwa siku, wala msiyakimbize. Bebeni maji, kofia na viatu vya kutembelea mawe. Ulizeni ada langoni, na wanafunzi wabebe vitambulisho vyao vya shule. Mchukueni mwongozaji, kwa maana bila yeye shimo ni shimo tu. Bebeni daftari na kalamu.

Binti yetu alirudi Nairobi na kurasa saba za michoro. Wiki iliyofuata kaka yake alichimba vishimo vya bao kwenye udongo nyuma ya nyumba, akiufuata mchoro wa dada yake, na watoto wa jirani wakakusanya kokoto. Mpaka sasa wanacheza wawili wawili, na kule Hyrax Hill hakijapungua kitu.